Itaendelea: Hadithi Iliyolala Inapoamka



Juma hili tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya wazazi wakaliona dogo, ilhali mabinti zetu wengi wanalijua vizuri. Msomaji anaifuata hadithi sura baada ya sura. Siku moja hadithi inakatika. Chini ya sura ya mwisho pameandikwa "Itaendelea", nayo haiendelei. Miezi inapita, kisha miaka. Msomaji anamaliza shule, anaolewa, anabadilisha simu mara mbili. Halafu jioni moja, yumkini akiwa anasubiri feri upande wa Likoni, simu inalia na ujumbe unamwambia kuwa sura mpya imetoka.

Afanye nini? Aisome pale pale? Arudi mwanzo? Amlaumu mwandishi kwa kumweka miaka yote ile? Sisi tunaona kurudi huku kuna adabu zake, kwa msomaji, kwa mwandishi na kwa watu wa nyumbani. Tena tunaona jambo lenyewe si dogo, kwa sababu katika mitaa yetu aghalabu aliyenyamaza ni mwanamke, na kilichomnyamazisha ni majukumu ya nyumba yake. Namna tunavyompokea siku anaporudi ndiyo itakayoamua kama ataandika tena au ataweka kalamu moja kwa moja.

Hadithi tunazozikusudia hasa ni zile zinazoitwa hadithi za mashabiki. Mtu amependa kitabu au mchezo wa televisheni, kisha akaandika hadithi yake mwenyewe kwa kutumia wahusika wale wale: anaendeleza pale mwenye kazi alipoishia, au anabadilisha tukio lililomuuma, au anampa nafasi mhusika aliyepitwa haraka. Hamlipi mtu wala halipwi. Huandika kwa mapenzi tu, sura moja leo na nyingine atakapopata wasaa.

Desturi si ngeni kwetu

Jina ni geni, lakini desturi yenyewe tunayo tangu zamani. Watu wa pwani waliingia katika kazi za wenzao, tena kwa heshima. Tazameni takhmisi. Mshairi huchukua beti za aliyemtangulia, zenye mishororo miwili miwili, akatanguliza mishororo yake mitatu mbele ya kila jozi, hata ubeti ukawa wa mishororo mitano. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya tano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yule yule aliyetunga Al-Inkishafi, alilifanyia hivyo shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo, shujaa ambaye alikuwa ameondoka duniani zamani. Baadaye, mwaka 1913, Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu akamtungia Liyongo utenzi mzima. Hakuna aliyewaambia watu hawa kwamba wameiba. Walionekana wameitunza kazi ya waliotangulia kwa kuiongeza uhai.

Katika nathari tunaye Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyezaliwa 1918 na kufariki 1991. Alimpenda Sherlock Holmes, mpelelezi wa Kiingereza aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle, akatuletea Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafikiye Najum. Hakumnakili Holmes, alichukua umbo lake akalivika kanzu ya visiwani. Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda shindano la uandishi la 1957 na 1958, kikachapishwa 1960. Kitabu cha pili cha Bwana Msa, Kisima cha Giningi, kilitoka 1968. Hesabuni wenyewe: miaka 8. Kisha vikafuatana vingine hadi Mwana wa Yungi Hulewa cha 1976, na baada yake tena miaka 8 hadi Kosa la Bwana Msa cha 1984. Waliompenda Bwana Msa wakiwa wanafunzi walikutana naye tena wakiwa na watoto wa kusomesha.

Huyo Holmes mwenyewe naye aliwahi kulala. Conan Doyle alichoka naye, akamwua katika hadithi iliyotoka Desemba 1893. Wasomaji walisikitika na wengine wakakasirika. Mwaka 1901 mwandishi alianza kutoa hadithi nyingine ya Holmes, lakini akaiweka katika wakati wa kabla ya kifo. Ilipofika 1903 ndipo alipomrudisha, akaeleza kwamba kumbe hakufa. Miaka 10 ilikuwa imepita. Ikiwa mwandishi mashuhuri, mwenye kulipwa vizuri, alihitaji miaka 10 kumrudia mhusika wake, itakuwaje kwa mama wa Changamwe anayeandika kwa simu huku amempakata mtoto?

Alama ya kuuliza

Zamani hadithi za mfululizo zilikuja kwa magazeti. Leo zinakuja kwa simu. Ulimwenguni ipo hazina kubwa ya hadithi za mashabiki iitwayo Archive of Our Own, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2009 na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Mambo mawili katika utaratibu wake yametupendeza kuyataja.

La kwanza ni hesabu ya sura. Hadithi ambayo mwandishi hajaamua itakuwa na sura ngapi huandikwa idadi ya sura zilizotoka, kisha alama ya kuuliza. Sura 11 kati ya ngapi? Hajasema. Msomaji anaingia akijua kwamba mwisho haujaahidiwa.

La pili ni kuwa mwandishi asiyetaka tena kuhusishwa na hadithi yake anaweza kuiacha pale iendelee kusomwa bila jina lake. Kazi hizo huitwa mayatima. Sisi tuliofundishwa kwa msisitizo mkubwa haki za yatima, neno hilo halitupiti hivi hivi.

Huku kwetu mabinti wengi hawaandiki katika hazina hizo kubwa. Huandika kwa Kiswahili na kutumiana katika makundi ya WhatsApp, sura kwa sura. Binti mmoja wa Mshomoroni, ambaye jina lake tunalihifadhi, alifanya hivyo. Alikuwa ameutazama wote mchezo wa Kituruki wa Ertuğrul, ulioonyeshwa Uturuki kuanzia 2014 hadi 2019 na kuingia katika nyumba nyingi za Waislamu duniani. Waliouona wanakumbuka kwamba Halime Hatun, mkewe Ertuğrul, anafariki katika msimu wa nne. Binti hakuridhika. Akaandika hadithi yake, ambamo Halime hafi. Anaishi, anamlea Osman, anazeeka pamoja na mumewe. Kundi lake la wasomaji lilikuwa la wanawake wasiofika 50, wengi wa Kisauni na wachache wa Likoni, na walikuwa wakiisubiri kila Alhamisi.

Sura ya 11 ilimwacha Halime amesimama mlangoni, akingoja farasi arudi na habari. Kisha kimya cha miaka minne.

Kilichotokea katika miaka ile si siri kwa yeyote aliyeishi katika nyumba ya Kiswahili. Binti alijifungua mtoto wa kwanza, akafuatia wa pili. Mama mkwe akapata maradhi ya kiharusi, na yeye ndiye aliyemlisha, kumgeuza na kumwosha. Simu yenye sura zake ikaharibika. Hakukaa siku moja akaamua kuacha. Kila siku alisema kesho, na kesho zikawa miaka.

Mwaka huu mama mkwe alipopata nafuu na watoto wakaanza chuo, aliandika sura ya 12 akaituma. Baadhi walimwandikia Alhamdulillah, wakamwombea dua. Mmoja akamwandikia, "Umetuacha jangwani miaka minne, leo ndio unatukumbuka?" Mwingine akauliza kama safari hii atamaliza au atawapotezea wakati tena. Binti alikuja kwetu pamoja na mama yake kutaka shauri. Alisema, "Sheikh, nilidhani watafurahi. Sasa naona bora nisingerudi."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya.

Msomaji anayerudi

Kwanza, dada msomaji, kimya cha mwandishi usikihesabu kuwa dharau. Hujui alikuwa na mgonjwa gani, eda gani, deni gani. Tumefundishwa kumtafutia udhuru ndugu yetu kabla ya kumhukumu, na mwandishi wa hadithi ni ndugu vile vile. Tena yeye hakukuuzia kitu. Ukimlipa fundi kanzu na asikushonee, una haki ya kudai. Aliyekupa sura 11 bure amekupa zawadi 11. Ya 12 si deni.

Pili, usikimbilie sura mpya. Rudi sura ya kwanza. Wengi husoma sura mpya kwa pupa, wakawa hawakumbuki huyu ni nani na yule alimkosea nani, wakasema hadithi imeharibika. Hadithi haijaharibika, wao wamesahau. Kusoma upya kunahitaji jioni mbili tatu tu, na faida yake ni zaidi ya kukumbuka majina.

Dada mmoja wa Likoni aliyekuwa katika kundi lile alifanya hivyo, naye alitupa habari yenye mazingatio. Aliposoma mara ya kwanza alikuwa na miaka 18. Katika hadithi ile Hayme, mama yake Ertuğrul, ameandikwa akiwa mkali kwa mkaza mwanawe, na dada huyu alimchukia kabisa. Safari hii amesoma akiwa ameolewa, anaishi nyumba moja na mama mkwe wake. Akaona mambo ambayo hayakumgusa mara ya kwanza: kwamba Hayme anaamka kabla ya wote, kwamba hali mpaka watoto wamekula, kwamba ukali wake huja usiku ambao hana habari za wanawe. Maneno yalikuwa yale yale, hakuna hata nukta iliyoongezwa. Dada alituambia kuwa kesho yake alimchemshia mama mkwe chai kabla hajaombwa.

Hiyo ndiyo faida ya hadithi iliyokatika ambayo iliyokamilika haina. Kitabu kilichokwisha tunakifunga na aghalabu haturudi. Hadithi iliyolala hutulazimisha kurudi nyuma, na tukirudi tunaona tulivyokuwa na tulivyo. Huenda ukakuta ulikua. Huenda pia ukakuta ulikuwa na huruma zaidi ulipokuwa mdogo, nalo hilo ni la kutafakari.

Tatu, yawezekana umerudi na hadithi haikupendezi tena. Mwandishi amebadilika, nawe umebadilika. Hapana dhambi. Mshukuru, ondoka kimya, usimvunje moyo aliyebaki akisoma. Wala usiufunge moyo wako kwenye kungoja hata ukashindwa na kazi zako na ibada zako. Subira njema ni ya mtu anayeendelea na shughuli zake huku mlango ameuacha wazi.

Mwandishi anayerudi

Nawe uliyerudi na kalamu yako, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Wazee wamesema kawia ufike. Hata hivyo tuna mashauri machache.

Usianze kwa kurasa za kujitetea. Sentensi moja ya salamu na udhuru inatosha. Mambo ya ndani ya nyumba yako si haki ya kundi zima. Juu ya sura mpya weka muhtasari wa mistari mitatu au minne, wasomaji wakumbuke walipoachwa. Usiahidi Alhamisi ikiwa hujui Alhamisi itakukuta wapi. Sema itatoka Mwenyezi Mungu akipenda, nawe uwe unakusudia kweli, maana wako wanaolitumia neno hilo kama njia ya kukataa kwa adabu.

Hifadhi nakala. Simu huanguka majini, huibwa, hufa. Daftari la shilingi chache likiwekwa kabatini huishi zaidi ya simu tatu.

Mtaje mwenye asili ya hadithi, usiwauzie watu wahusika wasio wako. Hiyo ni amana. Waelezee pia wasomaji kwamba ni ya kubuniwa. Habari za Ertuğrul wa kweli zilizotufikia ni chache mno, na mengi katika mchezo ule ni ya watunzi. Ukiongeza yako juu ya yao, kijana asije akadhani anasoma tarehe. Na mpaka usiovukwa ni huu: tusimzulie Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, wala masahaba wake, maneno au vitendo ambavyo havikupokewa. Uwanja wa kubuni ni mpana, na pale si mahali pake.

Mwisho, ukiona kwa hakika huwezi kumaliza, usiiache hadithi yatima. Andika ukurasa mmoja, ueleze ulivyokusudia iishe. Au mkabidhi mwenzio unayemwamini aiendeleze kwa jina lako na lake, kama wenye takhmisi walivyofanya.

Tukumbuke kwamba ziko kalamu ambazo hazirudi. Hatulinganishi elimu tukufu na hadithi za burudani, hasha. Lakini mfano wa mauti ni mmoja kwa wote. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947, alianza kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, na ajali ikamfika kabla hajafika mwisho. Alichokiandika kilihifadhiwa na wanafunzi wake na kikachapishwa baadaye, nasi tunafaidika nacho mpaka leo. Hakuna anayemlaumu kwa alichokosa kukiandika. Yeye alimaliza umri wake kazini. Sisi tulio hai, tuliopumzika tu, bado tuna nafasi ambayo yeye hakuipata.

Watu wa nyumbani

Tunawageukia sasa kina baba, waume na kina mama wakwe. Baadhi yenu mkimwona binti na simu mnadhani ni upuuzi, na si kila mara mnakosea. Ulizeni kabla ya kupokonya. Mwambie akusomee sura moja. Ukikuta uchafu, kataza na ueleze sababu. Ukikuta maneno mazuri kwa Kiswahili fasaha, fahamu kwamba hiyo ni elimu, na kwamba mkono uandikao hadithi leo huenda kesho ukaandika kitabu cha watoto wa madrasa. Lugha yetu ina njaa ya waandishi wanawake. Mwana Kupona aliandika utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya bintiye, na hadi leo hatujaacha kumtaja.

Anachohitaji mwandishi ni saa moja kwa siku ambayo hakuna anayemwita. Baada ya Isha, baba awachukue watoto, amletee mgonjwa maji, asimamie sufuria. Mtume wetu alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na hakuna mwanamume wa Kisauni wala Changamwe aliye mkubwa kuliko sunna hiyo. Wanawake wengi wa kwetu walinyamaza kwa sababu saa ile haikupatikana, na mitaa ikakosa walichokuwa nacho.

Yule binti wa Mshomoroni tulimshauri asiwajibu waliomlaumu, na asiache. Mumewe, ambaye alikuwa hajui kuwa mkewe huandika, alisoma sura zote 12 usiku mmoja, kisha akamwuliza farasi yule alirudi na habari gani. Sura ya 13 imetoka Alhamisi iliyopita. Yule dada aliyesema ameachwa jangwani alikuwa wa kwanza kuifungua, na tumesikia amemwandikia mwandishi kumtaka radhi.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu, awape nafuu wagonjwa wetu, na awape wenye kalamu zilizonyamaza wasaa wa kurudi. Amin.